Tusi Ukutani: Lugha na Watu wa Basilika ya San Clemente, Roma



Niliagizwa nije na picha, nami nimekuja mikono mitupu. Kanisa nitakalolizungumzia halikuruhusu wageni kupiga picha, na siku niliyokuwa mle ndani palikuwa na bawabu mwenye macho makali kuliko kamera yangu. Kwa hiyo leo masikio yenu yatafanya kazi ya macho. Pengine ni heri, kwa sababu kilichonipeleka kule mimi, mwalimu wa lugha nisiye mjenzi wala mchoraji, ni kitu cha kusikiwa kuliko kuonwa. Ni tusi.

Tusi hilo lipo ukutani, katika kanisa la chini la San Clemente, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Colosseum. Lilichorwa mwishoni mwa karne ya 11, ndani ya nyumba ya ibada, kwa fedha za waumini wawili wema, na hakuna ushahidi kwamba kuna padre aliyewahi kuagiza lipakwe chokaa.

Hadithi yenyewe ni hii. Sisinnius, bwana mkubwa wa Kirumi, anamwonea wivu mkewe, Theodora. Bibi hutoka nyumbani kimyakimya, na mume amekwisha kujijazia mwenyewe jibu la anakokwenda. Siku moja anamfuata nyuma. Kumbe Theodora haendi kwa hawara, anakwenda kusali Misa ya siri inayoongozwa na Papa Klementi. Sisinnius anapigwa upofu na uziwi palepale, watumishi wanamshika mkono kumtoa nje. Klementi anamfuata hadi nyumbani, anamwombea, anapona. Shukrani ya punda ni mateke: mara tu macho yanapofumbuka, Sisinnius anaamuru watumishi wamkamate huyo mchawi, wamfunge kamba, wamburute. Sasa ni zamu ya watumishi kupotewa na macho. Wanadhani wamemfunga Klementi, na kilichofungwa ni nguzo ya jiwe.

Mchoraji amechagua dakika hiyohiyo. Sisinnius amesimama upande mmoja, mkono umenyooka wa kuamrisha. Gosmari na Albertello wanavuta kamba. Nyuma yao Carvoncello, ambaye jina lake linanukia makaa, ana mti mrefu wa kutegulia. Nguzo imelala kati yao. Kando ya watu hawa yameandikwa maneno yao, kama tunavyoona leo katika vibonzo vya magazetini. Bwana mkubwa anawaita vijana wake watoto wa wanawake ambao kazi yao mama zangu waliopo ukumbini wasingependa niitaje, kisha anawaambia wavute. Gosmari na Albertello wanatajwa kwa majina, wanahimizwa wavute. Carvoncello anaambiwa apite nyuma na mti wake. Wataalamu wameshabishana sana nani hasa anasema lipi, kwa sababu maneno hayana alama za kuyafunga kwenye midomo. Mimi sioni hasara katika mkanganyiko huo. Watu wanaohamisha kitu kizito huwa wanasema wote kwa mpigo.

Halafu kuna maneno ya Klementi mwenyewe, ambaye hata hayupo kwenye sehemu hiyo ya mchoro. Anawaambia, kwa kifupi, kwamba kwa ugumu wa mioyo yao wamestahili kukokota mawe. Klementi anasema Kilatini. Sisinnius na watu wake wanasema lugha ya mtaani ya Roma, lugha ambayo baadaye itaitwa Kiitaliano.

Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapovuta kiti. Wakati ule, mtu wa Roma aliyeshika kalamu aliandika Kilatini. Lugha aliyoongea na mkewe, na ndugu zake, na muuza samaki, ilikuwa imekwisha kuachana na Kilatini kwa karne kadhaa, lakini haikuwa na mahali kwenye karatasi. Inajitokeza kwa nadra. Mwaka 960, huko Capua, mahakama iliandika kiapo cha mashahidi katika kesi ya ardhi kama kilivyotamkwa, kwa sababu sheria ilidai maneno yenyewe. Zaidi ya karne moja baadaye unakuja ukuta huu. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiitaliano tuliyonayo, na tofauti na yale ya Capua, hapa hakuna hakimu anayesikiliza. Ni watu kazini, wamechoka, wametukanwa.

Kwa nini mchoraji alifanya hivyo? Jibu la vitabuni ni kwamba Kilatini kilipewa mtakatifu kwa kuwa ni lugha ya juu, na lugha ya mtaani wakapewa wapumbavu. Nalikubali jibu hilo nusu. Nusu ya pili ni kwamba mtu aliyeandika maneno yale alikuwa na sikio. Jina linatangulia, kisha amri: fulani, vuta! Yeyote aliyewahi kusimama bandarini au sokoni, makuli wakisukuma mkokoteni uliokwama kwenye mchanga, anaijua sauti hiyo. Sisi wenyewe tuna neno harambee, ambalo lilikuwa kelele ya watu wanaovuta mzigo pamoja muda mrefu kabla halijakaa kwenye nembo ya taifa la Kenya. Kelele kama hizo hakuna anayezitunga mezani.

Sasa tuwatazame waliolipa. Majina yao yapo ukutani: Beno de Rapiza na mkewe, Maria. Mahali pengine katika kanisa hilohilo mama huyu anaitwa Maria Macellaria, nami kwa Kiswahili namwita Bi Maria wa Buchani, kwa sababu ndivyo neno hilo linavyosema: nyama, bucha. Hawakuwa maaskofu wala wakuu wa majeshi. Walikuwa na uwezo, ndiyo, maana kumlipa mchoraji kujaza ukuta si kazi ya mtu wa kubangaiza. Lakini utajiri wao ni ule wa watu wa mjini, na ukitaka kujua kwa nini mchoro una harufu ya soko, pengine huhitaji kwenda mbali.

Wamejichoresha pia. Chini ya mchoro wao mwingine familia nzima imejipanga: Beno, Maria, mtoto wa kiume aliyepewa jina Klementi, na binti, Altilia. Juu yao ni muujiza wa baharini. Masimulizi yanasema Klementi alipelekwa uhamishoni kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, akafungwa nanga shingoni, akatoswa. Malaika wakamjengea kaburi chini ya maji, na mara moja kwa mwaka bahari ilikuwa ikipwa, watu wakaenda kwa miguu kuhiji. Mwaka mmoja mama mjane alimsahau mwanawe mle ndani, bamvua likarudi. Mwaka uliofuata, maji yalipopwa tena, akamkuta mzima. Kwenye mchoro mama ameinama anamwinua mtoto, na nje ya kaburi lile, lililochorwa kama kikanisa, pande zote ni samaki, wanaogelea kuzunguka kuta kana kwamba hakuna la ajabu.

Kama ukweli wa kihistoria, habari ya nanga ilikuja muda mrefu baada ya Klementi mwenyewe kufa, na mwanahistoria mwangalifu haiegemei. Klementi tunayemjua kwa hakika zaidi ni wa barua: kiongozi wa Wakristo wa Roma mwishoni mwa karne ya 1, ambaye barua ya kanisa lake kwa Wakorintho imetufikia. Barua hiyo haikuandikwa kwa Kilatini. Iliandikwa kwa Kigiriki, kwa sababu Wakristo wa Roma siku zile, wengi wao wageni na watumwa kutoka mashariki, walisali kwa Kigiriki. Kilatini ambacho mchoraji alimpa kama lugha ya utakatifu, Klementi mwenyewe hakukitumia hata kuandika barua yake maarufu. Kilatini nacho kilianza kama lugha ya mtaani iliyobisha hodi kanisani ikiomba nafasi.

Nimesema kanisa la chini, na sijaeleza. San Clemente ni majengo yaliyopandana kama sufuria. Juu ni basilika ya karne ya 12, inayotumika hadi leo. Chini yake ni basilika ya karne ya 4, ile iliyotajwa na Mtakatifu Yeronimo mnamo 392. Chini ya hiyo ni nyumba za Warumi za karne ya 1 na ya 2.

Ilikuwaje kanisa zima likafukiwa? Wageni wengi husimuliwa kwamba mwaka 1084 Wanormani wa Robert Guiscard waliichoma sehemu ile ya mji, kanisa likaanguka. Ni kweli moto uliwaka. Lakini michoro ya Beno na Maria wataalamu wengi huiweka baada ya moto huo, na hakuna mke wa bucha anayetoa fedha kuchora ukuta wa gofu. Mimi naona afadhali maelezo ya wale wanaosema kwamba ardhi ya mtaa ilikuwa imepanda, jengo limechoka na nguzo zinahitaji kuta za kuzishikilia, na Papa Paskali II, ambaye kabla ya kuchaguliwa mwaka 1099 alikuwa kardinali wa kanisa hilohilo, alikuwa na sababu zake za kutaka jipya. Kardinali Anastasius ndiye aliyesimamia kazi. Mafundi walilijaza kanisa la zamani kifusi, wakazitumia kuta zake kuwa msingi, wakajenga juu yake jengo jembamba zaidi.

Walipokuwa wakiweka sakafu mpya, waliukata ukuta wa Sisinnius kwa juu. Sehemu ya juu ya mchoro ilimwonyesha Klementi akisimikwa kwenye kiti cha upapa, pamoja na Petro na mapapa wa mwanzo. Leo wote hawana vichwa. Sakafu ya kanisa jipya imepita shingoni. Miongoni mwa waliosalimika na vichwa vyao ni wale wa chini: bwana mwenye matusi na vijana wake watatu. Sitasema zaidi ya hapo. Nilisimama pale nikacheka peke yangu mpaka bawabu akanitazama.

Kifusi kilihifadhi rangi kwa zaidi ya miaka 700. Kwa muda wote huo watu waliamini kwamba kanisa la juu ndilo lile la Yeronimo. Walikuwa na sababu: mbele ya altare pana uzio wa waimbaji, wa marumaru nyeupe, wenye alama ya herufi za jina la Papa Yohane II, aliyetawala miaka 533 hadi 535. Huyu alikuwa padre wa San Clemente aliyeitwa Mercurius, na alipochaguliwa aliona haifai papa kuitwa kwa jina la mungu wa kipagani. Ndiye papa wa kwanza anayejulikana kubadili jina. Basi watu waliuona uzio wa karne ya 6 wakadhani na jengo ni la kale vilevile, kumbe mafundi wa Anastasius walikuwa wameupandisha kutoka chini, kipande kwa kipande, wakaupanga upya.

Aliyegundua kosa alikuwa Padre Joseph Mullooly, Mdominiko kutoka Ireland. Wadominiko wa Ireland walikabidhiwa San Clemente mwaka 1677, wakati Ukatoliki ulipokuwa ukiteswa kwao chini ya Waingereza, na wapo hadi leo. Mullooly alianza kuchimba mwaka 1857. Fikirieni vibarua wake wakichota kifusi kwa makarai kwa mwanga wa mishumaa, wakati juu yao Misa inaendelea, na kila nguzo wanayoifunua ndiyo inayobeba kanisa lililo vichwani mwao.

Nipite haraka kwenye mapambo ya juu. Dari la dhahabu la karne ya 18 na sura ya mbele iliyobuniwa na Carlo Stefano Fontana vina wapenzi wake. Mimi si mmoja wao, naona vimemvalisha mzee suti ya harusi. Kikanisa cha Mtakatifu Katarina kimechorwa na Masolino kati ya 1428 na 1431 hivi, kwa agizo la Kardinali Branda Castiglioni, na binti yule wa Aleksandria anavyohesabu hoja zake kwa vidole mbele ya wanafalsafa ni jambo la kumfurahisha mwalimu yeyote.

Lakini kwenye nusu-kuba ya nyuma ya altare lazima nisimame. Ni mozaiki ya karne ya 12, vijiwe vya rangi juu ya dhahabu. Katikati ni Kristo msalabani, na juu ya mti wa msalaba wametua njiwa weupe kumi na wawili. Chini ya msalaba unachipua mmea ambao matawi yake yanajiviringisha, yanajaza kuba nzima. Kulungu wanakunywa maji miguuni pake. Ndani ya mikunjo ya matawi wamekaa wakubwa: Augustino, Yeronimo, Gregori, Ambrosi, kila mmoja na kitabu chake. Ukishusha macho unakuta wachungaji na mifugo yao. Na mmoja ambaye nilimtafuta kwa dakika nyingi kabla ya kumwona: mama anayewarushia kuku chakula. Kuku wenyewe wameinamisha shingo, wanadonoa. Yuko ndani ya mti uleule walimo walimu wa Kanisa, na hajakatiza kazi yake kwa ajili yao.

Naomba sasa turudi chini, kwa sababu kuna mtu aliyezikwa mle ambaye mada ya lugha haiwezi kumruka. Ni Konstantino wa Thesalonike, ambaye dunia inamjua kwa jina la utawa, Sirili. Yeye na kaka yake Metodi walitumwa Moravia mwaka 863 kuwahubiria Waslavi. Waslavi hawakuwa na maandishi. Sirili akawatungia herufi, zile zinazoitwa Kiglagoliti, wakaanza kutafsiri Maandiko na kusali Misa kwa Kislavoni. Herufi zinazobeba jina lake leo, za Kirusi na Kibulgaria, zilitungwa baadaye na wafuasi wao.

Wakubwa wakaja juu. Njiani kwenda Roma, mjini Venice, makasisi walimkabili Sirili wakidai kwamba Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu: Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, kwa kuwa ndizo Pilato alizoandika juu ya msalaba. Sirili aliwaita watu wa namna hiyo wafuasi wa Pilato, kisha akawatajia mataifa yanayosali kwa lugha zao. Alifika Roma na masalia aliyokuwa ameyapata pwani ya Bahari Nyeusi, yaliyoaminiwa kuwa ya Klementi. Papa Adriano II akampokea kwa heshima, akavibariki vitabu vya Kislavoni. Mwaka 869, tarehe 14 Februari, Sirili akafa Roma akiwa na miaka 42. Metodi alitaka kumrudisha nyumbani, Warumi hawakukubali, wakaafikiana azikwe San Clemente, pamoja na mtakatifu aliyemleta.

Mahali pa kaburi lake, kanisa la chini, kuta zimejaa vibao vya shukrani kutoka mataifa ya Waslavi. Nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu, ambaye alisali rozari kwa Kiswahili na akajibu Misa kwa Kilatini alichokariri bila kuelewa neno, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango katika miaka ya 1960. Alipoulizwa ilikuwaje siku ya kwanza kusikia Misa kwa Kiswahili, alisema aliona haya, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akisikilizwa.

Tabaka la chini kabisa sitalimaliza leo. Kuna nyumba ya matofali, kuna jengo kubwa la mawe ambalo baadhi hulidhania kuwa lilikuwa kiwanda cha sarafu, na kati yao uchochoro mwembamba ambao watu wawili wanene hawapishani. Kwenye ua wa ile nyumba, waumini wa mungu Mithra walijitengenezea pango la ibada: dari limeinama, viti vya mawe pande mbili za kulia chakula pamoja, na katikati altare yenye sura ya Mithra akimchinja fahali. Wanaume tu waliingia. Kwa miaka mingi baada ya Mullooly, pango hilo lilikuwa limejaa maji, hadi Padre Louis Nolan, Mdominiko mwingine, alipochimbisha mfereji wa chini kwa chini wa mita 700 hivi, kati ya 1912 na 1914, kuyapeleka kwenye bomba kuu la maji taka ya Warumi wa kale, ambalo bado linafanya kazi. Ukinyamaza unayasikia yakipita.

Niliposikia hayo maji nilijua nimefika mwisho, nikaanza kupanda. Nikapita tena kwa Sisinnius. Mbele ya ukuta palikuwa na wanafunzi Waitaliano, wa umri wa shule ya msingi, na mwalimu wao. Mwalimu alikuwa bado anatafuta miwani kwenye mkoba. Mvulana mmoja alisogea, akaweka kidole hewani chini ya herufi, akasoma polepole maneno ya bwana mkubwa. Alipofika mwisho alinyamaza, akamgeukia mwenzake. Wakaangua kicheko wote, kundi zima, wakirudia lile neno kwa kunong'ona. Miaka 900, na hakuna aliyehitaji kamusi.

Mwalimu alivaa miwani, akawatuliza, akaonyesha maneno ya Klementi upande wa pili. Watoto wakayakodolea macho. Yule mvulana akauliza kitu, na mwalimu akaanza kumtafsiria mtakatifu.